MWANAFUNZI NAYE ASIKILIZWE

Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia





1. UTANGULIZI

Kwa kawaida tunapokutana kwa jina la Haki na Amani tunazungumzia mashamba yaliyoporwa, wajane waliofukuzwa katika nyumba za marehemu waume zao, rushwa na uchaguzi. Leo tunawaalika kutazama mahali ambapo hatujazoea kupatazama, nako ni kwenye dawati la mwanafunzi. Huenda mwingine akauliza: dawati nalo lina kesi gani?

Haki, kama tulivyofundishwa tangu katekisimu, ni kumpa kila mtu kilicho chake. Sasa mtoto aweza kuandikishwa shule, akashonewa sare, jina lake likaitwa kila asubuhi katika daftari la mahudhurio, na bado akanyimwa kile hasa alichokifuata pale. Hajafukuzwa na mtu. Yupo, lakini somo halimfikii, kwa sababu hakuna aliyetaka kujua anajifunzaje, anapenda nini, wala anapungukiwa nini. Dhuluma ya namna hii haina kelele. Haifiki mahakamani, na aliyedhulumiwa mwenyewe hajui kwamba amedhulumiwa. Yeye hudhani tu kwamba ni mjinga, na akishaamini hivyo huondoka kwa miguu yake mwenyewe.

2. "HAKUNA ALIYENIULIZA"

Yatupasa tuanze na kosa letu wenyewe. Katika parokia moja tuliyohudumu miaka iliyopita palikuwa na kijana wa darasa la tano. Shuleni alijulikana kwa uvivu. Akiambiwa anakili hesabu za ubaoni, daftari lake lilikuwa na tarakimu zisizokuwapo ubaoni: 3 iligeuka 8, na alama ya kutoa ikapotea. Alichapwa kwa hilo, akachapwa tena kwa kuchungulia daftari la jirani yake. Alipokuja katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza tulimpokea pamoja na sifa hiyo, nasi hatukuichunguza. Tuliandika maswali ubaoni, naye hakuweza kuyasoma. Tukamwambia asubiri mwaka mwingine.

Katekista wetu, mama mtu mzima, alitueleza mara mbili kwamba mtoto huyu akisimuliwa habari mara moja huirudia yote bila kukosa hata jina. Tulimsikia, lakini hatukutulia kufikiri maana yake. Kabla ya mwaka kwisha kijana aliacha shule, akaacha na mafundisho.

Miaka miwili baadaye wauguzi wa macho walifika kwenye zahanati kupima watoto. Mdogo wake wa kike, ambaye naye alikuwa ameanza kunakili vibaya vilevile, akagundulika kuwa haoni mbali. Akapatiwa miwani, akahamishiwa dawati la mbele, na muhula ulipokaribia kwisha mwalimu wake alikuja kutuuliza ni dawa gani tuliyompa mtoto yule. Hapo ndipo tulipomkumbuka kaka yake.

Tulimfuata kando ya barabara alikokuwa akitengeneza baiskeli. Mikono yake ilikuwa hodari. Aliweza kutambua kasoro ya gurudumu kwa kuligusa na kusikiliza mlio wake. Tulimwuliza kwa nini hakutuambia kwamba haoni ubao. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Padre, mimi nilidhani wote wanaona hivyohivyo. Halafu hakuna aliyeniuliza."

Ndugu wapendwa, kutengeneza baiskeli ni kazi ya heshima, na hatusemi kwamba maisha yake yameharibika. Lakini hakuichagua. Hadi tulipohama parokia ile, akipewa karatasi ya kutia sahihi alimtafuta kwanza mdogo wake amsomee. Tangu siku ile tumejua kwamba swali lisiloulizwa laweza kumgharimu mtu miaka yake mingi.

3. MAMBO MATATU YA KUMWULIZA MWANAFUNZI

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Basi tukitaka kumjua mwanafunzi hatuna budi kutofautisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: namna anavyojifunza, mambo anayoyapenda, na mambo anayoyahitaji.

(a) Namna anavyojifunza

Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, walimu wamefundishwa kwamba wanafunzi wamegawanyika katika makundi: wapo wa kujifunza kwa kuona, wapo wa kusikia, wapo wa kutenda kwa mikono, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa njia ya kundi lake. Fundisho hili lina nia njema, kwa kuwa linamtazama mtoto mmoja mmoja. Lakini mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walipitia tafiti zilizokuwapo, wasione ushahidi wa kutosha kwamba kumweka mtoto katika kundi na kumfundisha kwa njia ya kundi hilo humfanya ajifunze zaidi. Ni kweli kwamba watu hupendelea njia hii au ile. Hata hivyo, kupendelea njia fulani hakuthibitishi kwamba mtu huyo hujifunza vema zaidi kwa njia hiyo.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Hebu fikirini: kama tungalimtazama kijana yule kwa jicho hilo, tungalisema, "Huyu ni mtoto wa kusikia." Tungalimfundisha kwa mdomo tu, tukaridhika, na macho yake yasingepimwa kamwe. Jina zuri lingalimfungia nje sawasawa na jina baya.

Yanayowasaidia watoto karibu wote yanajulikana, na si ya gharama. Mtoto aone mfano, aueleze kwa maneno yake mwenyewe, atende kwa mikono, ajaribu kukumbuka bila kutazama daftari, na alirudie somo baada ya siku kadhaa. Mwalimu afundishaye sehemu kwa kukata chungwa mbele ya darasa, kisha akachora ubaoni, kisha akawaambia wanafunzi waelezane wawili wawili, amefungua milango mitatu kwa wote. Hivyo basi, tukimwuliza mtoto, tusimwulize, "Wewe ni wa kundi gani?" Tumwulize, "Ni siku gani ulielewa vizuri, na mwalimu alifanya nini siku hiyo?" Swali hilo atalijibu, na jibu lake litamfaa mwalimu pia.

(b) Mambo anayoyapenda

Wapo wazazi wanaoona mapenzi ya mtoto kuwa adui wa masomo. Mtoto akipenda kuchora, huambiwa anapoteza muda. Akipenda mifugo, huambiwa atakuwa mchungaji wa mbuzi. Lakini binti anayemsaidia mama yake kuuza maandazi sokoni, akarudisha chenji bila kukosea wakati wateja watano wanamzonga, anajua hesabu. Kama hesabu hiyohiyo inamshinda darasani, la kwanza la kuchunguza ni namna ilivyoletwa mbele yake.

Mwalimu Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia shule iliyomwandaa mtoto kwa ajili ya kuingia sekondari, hali wengi wasingeingia, na ikamtenga na maisha ya watu wake. Kilio hicho hakijapitwa na wakati. Kuanzia Januari 2024 nchi yetu imeanza kutumia mitaala mipya, na katika sekondari pamewekwa mkondo wa jumla na mkondo wa amali, ambamo kijana aweza kujifunza fani za kazi pamoja na masomo mengine. Tunaupokea mpango huu kwa matumaini. Pamoja na hayo tuna hofu moja ambayo yafaa tuiseme wazi: mkondo wa amali usije ukafanywa mahali pa kuwatupia wale walioitwa wazito. Kijana aliyepelekwa kwenye useremala kwa sababu amekata tamaa ya kusoma hakuchagua useremala. Kadhalika binti anayelazimishwa kusomea udaktari ili ukoo upate jina, hali moyo wake uko kwenye ufundi wa umeme, naye hakuchagua.

Tuseme na upande wa pili. Mapenzi ya mtoto hubadilika, na hayamwondolei wajibu wa kujua kusoma, kuandika na kuhesabu. Fundi asiyejua kusoma hudhulumiwa na kila aletaye karatasi. Tumeliona hilo kando ya barabara.

(c) Mambo anayoyahitaji

Hapa ndipo penye uzito mkubwa kuliko pote. Anachopenda mtoto twaweza kukijadili; anachohitaji ni deni letu kwake. Asiyeona ubao anahitaji miwani au dawati la mbele. Asiyesikia vizuri anahitaji mwalimu amgeukie anaposema. Mwenye ulemavu wa miguu anahitaji njia ya kuingilia darasani na choo anachoweza kukitumia. Aliyetoka nyumbani bila kula, akatembea mwendo wa saa nzima, saa nne asubuhi akili yake iko tumboni. Binti aliyevunja ungo anahitaji maji, faragha na vifaa vya usafi, la sivyo kila mwezi atakosa siku kadhaa za masomo, na hatamwambia mtu sababu.

Yapo pia mahitaji yasiyoonekana kwa macho. Tunamkumbuka binti mmoja aliyeongoza darasa lake la saba. Katika kigango chao ndiye aliyeandika kumbukumbu za vikao vya vijana, na mbele ya wazee alizungumza bila woga. Alipofika kidato cha kwanza akawa bubu. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Alilolijua mwezi Desemba kwa lugha moja, Januari alitakiwa kulisema kwa lugha nyingine. Ripoti ya muhula ikaandikwa kwamba hashiriki. Baba yake akaisoma, akasema binti amepata kiburi au ana mchumba, akataka kumwondoa shule.

Safari hii, kwa neema ya Mungu, tulikuwa tumejifunza kuuliza. Wajumbe wawili wa kamati, mama mmoja na mwalimu mstaafu, walikaa na binti yule, wakamwuliza maswali matatu tuliyoyataja. Akajibu, "Jibu ninalo, ila nikianza kulitafuta kwa Kiingereza wenzangu hucheka, nalo hunitoka." Kumbe hakuwa na kiburi wala mchumba. Alihitaji muda, msamiati, na mahali pa kukosea bila kuchekwa. Mwalimu mstaafu akakusanya wanafunzi sita wa kidato cha kwanza chini ya mwembe wa parokia, Jumamosi baada ya usafi wa kanisa. Walieleza somo kwanza kwa Kiswahili, kisha wakalijenga upya kwa Kiingereza, neno kwa neno. Baba yake alikubali kusubiri muhula mmoja. Ulipokwisha, hakulirudia tena lile neno la kumwondoa.

4. MAFUNDISHO YA KANISA NA SHERIA ZA NCHI

Tusidhani kwamba haya ni huruma tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba watu wote wana haki ya elimu isiyoweza kuondolewa, tena elimu inayolingana na uwezo wao na utamaduni wao, na kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Katika mfano wa talanta, bwana yule hakuwagawia watumishi wake sawasawa; alitazama uwezo wa kila mmoja. Na Injili ya Luka yatuonyesha Yesu mwenye umri wa miaka 12 akiwa ameketi kati ya walimu hekaluni, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Walimu wale hawakumfukuza mtoto aulizaye.

Sheria nazo zasema. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wataka katika kifungu cha 12 mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na katika kifungu cha 29 elimu imkuze utu wake, vipaji vyake na uwezo wake wa akili na mwili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, yampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Kwa hiyo tunapomwuliza mwanafunzi hatumfanyii hisani.

5. HOJA ZINAZOTOLEWA

Hoja ya kwanza ni ya walimu: "Darasa lina watoto 100, nitamwuliza nani nimwache nani?" Hoja hii ni ya kweli, na mwenye kuitoa si adui. Ada ilipoondolewa katika shule za msingi kuanzia mwaka 2001, na katika sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, watoto wa maskini waliingia kwa wingi, na tulifurahi. Lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyohiyo. Mwalimu anayebeba mzigo wa walimu watatu naye anadai haki, na kamati zetu zisimsahau. Hata hivyo, mwalimu akizungumza na watoto watano tu kwa juma, katika majuma 20 atakuwa amezungumza na wote 100. Tena wazazi na jumuiya twaweza kumpunguzia kazi hiyo.

Hoja ya pili ni ya wazazi: "Mtoto akiulizwa apendacho atadeka." Kumsikiliza mtoto hakumaanishi kumpa kila akitakacho. Mgonjwa huulizwa panapouma, na bado daktari ndiye anayeandika dawa. Malezi ni wajibu wetu. Ila tulee tukijua tunamlea nani.

Hoja ya tatu twaisikia mara nyingi zaidi: "Sisi tulichapwa, na tukasoma." Ndugu wapendwa, tunaosema hivyo ni sisi tuliobaki. Waliochapwa wakaondoka hawamo katika ukumbi huu, wala hawakualikwa kwenye semina. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zilipunguza viboko visizidi vinne, navyo vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa naye idhini kwa maandishi. Hakuna kanuni iliyosema kwamba kiboko ni tiba ya macho, ya njaa, wala ya lugha.

6. TUFANYE NINI?

Nyumbani. Mzazi, mara moja kwa juma, aketi na mtoto bila redio wala simu, afungue daftari pamoja naye hata kama mwenyewe hakusoma. Amwulize ni nini alichokielewa, ni nini alichokipenda, na ni nini kilichomshinda. Asianze na alama alizopata.

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Kila jumuiya iteue watu wawili wenye kuaminiwa na watoto, mwanamke na mwanamume, wawatembelee wanafunzi wanaoanza kukosa shule kabla hawajaacha kabisa. Wakutane na mtoto mahali pa wazi, wote wawili wakiwapo na mzazi akijua. Yatakayosemwa yawe siri, isipokuwa pale mtoto anapokuwa katika hatari. Hapo taarifa ifike mara moja kwa ustawi wa jamii.

Katika parokia. Kamati ya Haki na Amani ishirikiane na zahanati ili watoto wapimwe macho na masikio. Chumba cha mafundisho kikiwa wazi jioni, chenye taa, kiwe mahali pa kujisomea kwa watoto wote wa kijiji, Wakristo, Waislamu na wengine. Njaa na ubao havibagui dini.

Katika shule. Wanaparokia walio katika kamati na bodi za shule watake, kwa heshima, sauti ya wanafunzi iwe ajenda ya kudumu katika vikao. Aidha, kabla kijana hajapelekwa mkondo wowote, yeye na mzazi wake waulizwe na kupewa maelezo ya kutosha.

7. HITIMISHO

Mzee Eli alimsikia kijana Samweli akimjia usiku mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Angeweza kumkaripia kwa kumvunjia usingizi. Mara mbili alimwambia tu akalale. Mara ya tatu akatambua kwamba mtoto huyu anaitwa kweli, akamfundisha namna ya kuitika. Nasi katekista wetu alitujia mara mbili, tukalala. Tunaomba msamaha kwa kijana yule, na tunawaomba ninyi msingoje mara ya tatu.

Mtakaporudi vigangoni mwenu, kabla ya kuitisha kikao chochote, mtafuteni mtoto mmoja ambaye kijiji kimekwisha kumpa jina: mvivu, mzito, mtoro. Mwulizeni. Kisha nyamazeni mpaka amalize kujibu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu ni watoto wangapi walioacha shule tangu mwaka jana? Kuna aliyewauliza sababu?

2. Ni majina gani tunayowaita watoto wanaoshindwa darasani, na majina hayo yametoka wapi?

3. Je, walimu wanaofundisha watoto wetu wanahitaji nini kutoka kwetu ili waweze kuwasikiliza?

4. Ni jambo gani moja ambalo jumuiya yetu italifanya kabla ya muhula huu kwisha, na nani atalisimamia?